Somo la Wakati Uliopita

Azogues, 11 Machi 2007

Mdogo wangu Hermelinda,

Salamu za baridi kutoka huku milimani. Mimi ni mzima, ila mguu wa kushoto unanikumbusha umri kila ninapopanda ngazi za kanisa. Natumaini supu yako ya samaki bado inawapanga watu foleni huko Guayaquil.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanicheka kabla sijamaliza. Kwenye barua utanicheka pia, lakini mimi sitakuwepo. Nimeanza shule, mwenzangu. Griet, mkwe wangu, mke wa Rigo, amenitumia kifurushi kutoka Ubelgiji: chokoleti, picha ya mjukuu wangu Lotte akiwa hana meno ya mbele, na sidii ya kuweka kwenye kompyuta. Ndani ya hiyo sidii kuna mwalimu wa Kiholanzi. Kompyuta nimeinunua kwa Don Abelardo, yule aliyefunga duka lake la intaneti, na ameiweka jikoni kwa sababu ndiko kwenye joto.

Mwalimu mwenyewe ni sauti ya mwanamke. Anaonyesha picha, anatamka neno, nawe unalirudia kwenye kipaza sauti. Ukipatia inawaka taa ya kijani, ukikosea nyekundu, naye anasema, "Jaribu tena." Lugha ya watu hawa, Hermelinda, ni ya kukohoa. Kila neno lina kh ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Nilirudia "habari za asubuhi" mpaka koo likakauka, nyekundu tu. Mara mmoja wa simbilisi ninaowafuga chini ya jiko akalia akidai majani yake. Taa ikawaka kijani, Mwalimu akasema, "Vizuri sana." Huyo simbilisi sitamchinja, hata Krismasi ifike. Amenishinda darasani, anastahili kuishi.

Nasoma huku nasuka kofia, maana mikono yangu haina haja na Kiholanzi. Usiniulize kwa nini najitesa. Lotte ana miaka sita, na hajawahi kuniambia neno nikalielewa. Kwenye simu tunasikilizana pumzi, yeye kule na mimi huku, halafu kadi inakwisha. Sitaki kufa nikiwa bibi wa pumzi.

Ila kuna jambo limenikera. Griet naye anajifunza Kihispania kwa mwalimu wa namna hiyohiyo, na barua yake fupi inaanza hivi: "Mama Mzuri." Mimi, na hii pua tuliyoachiwa na baba? Nikamuuliza Mwalimu wangu wao wanamwitaje mama mkwe. Kumbe neno lao ni mawili yaliyoshonwa pamoja. La pili ni mama. La kwanza ni schoon, na Mwalimu anasema maana yake ni safi. Kwa hiyo ama ananitania kwamba mimi ni mzuri, ama ananisifu kwamba mimi ni msafi, ambayo ni kama kusema aliwahi kunidhania mchafu. Nilinuna mpaka jioni.

Dada yako,
Zoila

*

Guayaquil, 24 Machi 2007

Dada Zoila,

Nimecheka mpaka wateja wakaacha vijiko hewani. Elimu haina mwisho, hilo nilifundishwa, lakini sikujua inaanza na simbilisi. Mpe salamu huyo mwanafunzi bora.

Sasa na wewe usiwe mgumu. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliniita majina mengi katika maisha yake, na hakuna hata moja lililokuwa na uzuri ndani. Ukiitwa mzuri, ukiitwa msafi, itika. Mimi ningeitika hata usingizini.

Ila nina swali, na usinikasirikie. Rigo yuko wapi katika barua hizi? Mtoto amesomeshwa na masista, ana mwandiko wa kuwekwa kwenye fremu. Mama yake anakohoa Kiholanzi jikoni, mke wake anahangaika na Kihispania, naye anazijua zote mbili na yuko nyumba hiyohiyo. Si angekaa mezani akatafsiri? Mimi ni mama yake mdogo, nimemlea nusu. Rigo akinyamaza ujue kuna kitu amevunja, na amekificha nyuma ya kabati.

Labda ni kazi tu. Watu wa huko wanafanya kazi mpaka wanasahau majina yao.

Wako,
Hermelinda

*

Azogues, 8 Aprili 2007

Mpendwa Griet,

Mimi ni Zoila. Mimi ni mwanamke. Ninaandika Kiholanzi. Simbilisi wangu anasema Kiholanzi vizuri. Mashine inanisaidia, lakini mashine haijui mambo ya kofia.

Asante kwa chokoleti. Chokoleti ni tamu. Chokoleti haipo tena.

Mimi si mzuri. Nina pua kubwa. Mimi ni msafi: ninaoga, na maji ni baridi. Kwa nini unaandika Mama Mzuri? Ninauliza kwa upole.

Lotte anafanya nini? Rigo anafanya nini? Yeye ni mnene au ni mwembamba? Anakula?

Ninataka kusuka kofia ya Lotte. Kichwa cha Lotte ni kikubwa au ni kidogo? Mwalimu anasema: tembo ni mkubwa, panya ni mdogo. Ninafikiri kichwa cha Lotte kiko katikati.

Mvulana yuko chini ya meza. Hii si habari. Ni sentensi ninayoijua vizuri, kwa hiyo ninaiandika.

Lugha yako inapenda kupunguza vitu, kama lugha yangu. Kakombe. Kakahawa. Kanyumba. Hapo ninajisikia niko kwetu. Ninakupa kabusu.

Zoila

*

Gent, 2 Mei 2007

Mama Mzuri,

Ninafurahi sana. Ninasoma barua yako kazini, kwa daktari wa meno. Mgonjwa anasubiri, mdomo wazi.

Samahani kwa neno. Mwalimu wako ni wa Uholanzi. Kwao neno hilo ni safi. Kwetu Gent, Ubelgiji, neno hilo ni zuri. Mama wa mume ni mama mzuri. Mke wa mwana ni binti mzuri. Pua si muhimu. Mimi sina mama, nina picha yake. Kwa hiyo ninapenda kuandika neno hili.

Mwalimu wangu ananipa wakati uliopo tu. Ninaandika mambo yaliyopo.

Lotte hana meno mawili. Lotte anaogopa njiwa. Anauliza: simbilisi ana jina?

Rigo anapenda supu ya viazi na jibini. Rigo anaimba vizuri. Viatu vyake vya kahawia viko mlangoni. Lotte anavipaka rangi kila Jumapili. Vinang'aa.

Katika bahasha kuna uzi. Uzi huu ni kichwa cha Lotte.

Griet

*

Azogues, 20 Mei 2007

Mdogo wangu,

Tubu. Nakutumia nakala ya barua ya Griet ili uone ulivyomsingizia mtoto. Anakula supu ya viazi, supu yetu ileile. Anaimba. Viatu vyake viko mlangoni na binti yake anavipaka rangi. Nyumba yenye viatu vya mume mlangoni ni nyumba iliyotulia, hilo hata wewe uliyeolewa na baharia unalijua.

Na Rigo mwenyewe alipiga simu Siku ya Akina Mama. Hakukaa sana. Kulikuwa na muziki nyuma, muziki wa kwetu wa kucheza, nikafurahi kwamba wanausikiliza. Nilimwomba anipe Lotte, maana nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwa Kiholanzi kwamba bibi yake ana simbilisi watano. Akasema amelala. Kwao ilikuwa mchana, lakini watoto hulala mchana.

Kofia nimeianza. Nimechagua majani membamba kabisa, yale ambayo mchana wa jua yanakatika ukiyatazama tu, kwa hiyo naisuka asubuhi ukungu ukiwa bado uko dirishani. Ule uzi nimeutundika kwenye msumari chini ya picha ya Bikira, na kila nikimaliza mzunguko naipima kofia kwa huo uzi. Hermelinda, kichwa cha mjukuu wangu kimekuwa jikoni kwangu wiki nzima. Sijapata furaha kama hii tangu Rigo apande ndege.

Kuhusu lile neno, mkwe amenieleza: kwao lina maana ya uzuri. Mimi ni mama mzuri, yeye ni binti mzuri. Nimelikubali. Jana nilijitazama kwenye kioo cha bafuni na nikaona pua si mbaya sana ukiitazama kwa upande.

Zoila

*

Gent, 17 Juni 2007

Mama Mzuri,

Leo Mwalimu alinipa wakati uliopita. Niliusubiri sana. Sasa ninaweza kusema.

Rigo alipenda supu yangu. Rigo aliimba kila asubuhi. Alimbeba Lotte mabegani, alikwenda naye sokoni. Alikuwa baba mwema.

Rigo alituacha. Ilikuwa siku ya mvua. Mimi nililia sana. Lotte hakulia. Alikaa chini karibu na viatu.

Sikukuambia kwa sababu sikuwa na maneno. Sikutaka kukuumiza. Viatu bado viko mlangoni, na sijui kufanya nini navyo.

Ninaogopa. Samahani. Samahani.

Griet

*

Azogues, 22 Julai 2007

Mdogo wangu Hermelinda,

Kwenye simu ulisikia kilio tu, kwanza kile cha msiba, halafu kile kingine ambacho mpaka leo sijui nikiiteje. Sasa nimekaa, nimekunywa uji, nakuandikia kwa utaratibu.

Barua ilifika nikiwa nimebakiza ukingo wa kofia. Niliisoma nimesimama karibu na jiko. Nimekutumia nakala, isome mwenyewe uniambie wewe ungeelewaje. Alipenda. Aliimba. Alikuwa baba mwema. Kisha, "Rigo alituacha." Kwetu mtu akisema fulani ametuacha, watu wanatafuta mishumaa. Nilikaa sakafuni pamoja na simbilisi.

Nikapiga namba ya Rigo. Haipatikani. Nikapiga tena na tena, haipatikani. Nikainua simu nimpigie Griet, halafu nikairudisha, maana sina Kiholanzi cha msiba. Mwalimu amenifundisha tembo na panya. Ningemwambia nini yule mjane? Mvulana yuko chini ya meza?

Basi nikavaa nguo nyeusi. Nikafunga utepe mweusi mlangoni. Padri alikuja, majirani wakaja na mikate na kahawa, na tukaanza sala za siku tisa. Mezani niliweka picha ya Rigo ya komunyo ya kwanza, ile aliyovaa suti iliyomzidi mikono. Nilimlilia, Hermelinda, kilio ambacho mwili wenyewe unakitoa bila kukuuliza. Nilimlilia mtoto na nikamlilia mtu mzima, na nikamlilia Lotte kukaa karibu na vile viatu.

Tulikuwa katikati ya rozari, jioni ya karibu na mwisho, simu ikalia. Targelia, jirani yangu, ndiye aliyeipokea kwa kuwa mimi nilikuwa magotini. Nilimwona rangi ikimtoka. Akaja polepole, akaniinamia sikioni.

"Zoila," akasema, "marehemu yuko kwenye simu."

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka sauti yake ikisema, "Mami, nimebadilisha namba. Mbona kuna watu wanaimba?" Nikamwambia wanaiombea roho yake. Akacheka, akidhani ni mzaha. Halafu hakucheka tena.

Maneno mengine nilimtoa kama unavyomtoa mtoto mwiba. Hajafa. Yuko Hispania, Murcia, kwenye mashamba ya nyanya, na yupo na mwanamke wa kwetu, mtu wa Machala. Aliondoka Gent Januari, kabla Griet hajanitumia hata hicho kifurushi. Simu ya Siku ya Akina Mama aliipiga kutoka huko, na ule muziki niliofurahia ulikuwa wa huko. Anasema alikuwa anatafuta nafasi ya kuniambia.

Nilimwambia, "Nimekulilia ukiwa mzima, Rigoberto. Siku ukifa kweli utakuta machozi nimeyamaliza."

Unajua alichonijibu? Kwamba Griet si mtu wetu tena. Kwamba nikiendelea kumwandikia, nitakuwa nimesimama upande wake dhidi ya mwanangu wa kumzaa. "Utapata wajukuu wengine, Mami," akasema, "na hao mtaelewana lugha." Nilisema nitafikiri, nikaweka simu chini. Chumba kizima kilinitazama na rozari mikononi. Padri akasema sala haipotei, Mungu atajua pa kuiweka, na watu wakala mikate.

Utepe mweusi bado uko mlangoni. Kila asubuhi naufikia, naushika, nauacha. Namwonea Griet haya kwa alichotendewa na mtoto niliyemlea mimi. Na naogopa. Nikimwandikia, nampoteza Rigo, nami sina mwana mwingine. Nisipomwandikia, nampoteza Lotte nikiwa ndiyo kwanza nimejua kwamba anaogopa njiwa. Kompyuta nimeifunika kitambaa.

Zoila

*

Guayaquil, 30 Julai 2007

Dada Zoila,

Nilikuambia kuna kitu kimefichwa nyuma ya kabati. Sijafurahi kwamba nilipatia, na nikimpata huyo Rigo nitamvuta sikio mpaka lifike Guayaquil kabla yake.

Lakini nikukaripie kidogo kwa sababu wewe hasira zikishuka unakuwa na moyo wa siagi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Rigo amekosa, amekosa sana, lakini ni wako. Alitoka tumboni mwako, na siku yako ikifika ni yeye atakayeshika jeneza. Mkwe ni mkwe kwa sababu ya ndoa. Ndoa ikivunjika, ukwe nao umevunjika, na hakuna wa kulaumiwa. Kesho Griet ataolewa na mtu mwingine, na huyo atakuja na mama yake, mama mzuri mpya, mwenye pua ndogo. Wewe utabaki na nini? Sidii.

Malizia kofia ya mtoto, itume, andika maneno mawili ya heshima, funga bahasha. Mwanao atatulia, na mambo yatajipanga.

Hayo ndiyo mawazo yangu. Nimeyasoma tena na sioni kosa. Ila niseme na hili, halafu ninyamaze: mimi nina wakwe watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitumia uzi.

Hermelinda

*

Gent, 1 Agosti 2007

Zoila mpendwa,

Hakuna barua kutoka kwako. Ninaelewa.

Siandiki tena lile neno. Kwetu mume akiondoka, neno hilo linaondoka naye. Nilimuuliza Mwalimu: mama wa mtu aliyekuwa mume wangu, kwa Kihispania anaitwaje? Mwalimu hana neno. Nilitafuta katika kamusi. Hakuna.

Ninataka kusema ukweli. Mwanzoni Mwalimu hakunipa neno "aliondoka". Lakini kamusi ilikuwepo mezani, na mimi sikuifungua. Niliandika anapenda supu, na ni kweli, anaipenda popote alipo. Niliandika viatu viko mlangoni, na viko. Nilitaka barua yako nyingine. Ndiyo sababu.

Lotte anauliza kama yule simbilisi ni mzima. Kama hutaki kuandika kuhusu sisi, andika kuhusu simbilisi tu.

Griet

*

Azogues, 26 Agosti 2007

Griet,

Ninaandika polepole. Nilitoa kitambaa juu ya mashine. Niliruka masomo ya hoteli na uwanja wa ndege, nilikwenda moja kwa moja kwenye wakati uliopita. Nilihitaji kukufuata huko.

Uliandika: Rigo alituacha. Mimi nilielewa: Rigo alikufa. Nilivaa nguo nyeusi. Majirani walikuja, walisali. Halafu Rigo alipiga simu. Sasa ninakuruhusu kucheka. Mimi nilicheka juzi, peke yangu, na nililia kidogo ndani ya kicheko.

Rigo ni mwanangu. Ninampenda. Alifanya vibaya. Nilisema sentensi hizi mbele ya Mwalimu na zote zilipata kijani, kwa hiyo zinaweza kukaa katika nyumba moja.

Alisema: usimwandikie Griet. Nilifikiri siku nyingi. Dada yangu pia alisema kitu kama hicho, na yeye si mjinga. Kisha barua yako ilifika, bila Mama Mzuri. Niliona pale juu palikuwa patupu. Niliumia zaidi kuliko nilivyofikiri.

Kwa hiyo nilifanya kazi juu ya neno lako. Nililiandika kwenye karatasi, neno lenu refu. Nilichukua mkasi ninaokatia majani ya kofia. Nilikata "mzuri". Mzuri alikuja na Rigo, basi aende na Rigo, mimi na pua yangu hatumhitaji. Nilitazama mezani. Kilibaki kipande kimoja: "mama". Kilikuwa kizima, mkasi haukukigusa.

Nilisema kwenye kipaza sauti: mama. Kijani, mara moja.

Wewe pia, kata. Binti mzuri. Toa mzuri.

Nilimpigia Rigo. Nilimwambia: ninamwandikia Griet, na wewe ukitaka kupiga simu, mlango uko wazi. Bado hajapiga. Ninasubiri. Nilitoa utepe mweusi.

Kofia iko katika kifurushi. Uzi ulikuwa wa Mei, na watoto wanakua, kwa hiyo niliacha nafasi ya kidole kimoja. Isiwekwe karibu na moto. Viatu mpe mtu mwenye miguu.

Mwambie Lotte simbilisi ni mzima. Jina lake ni Vizuri Sana.

Mama

*

Gent, 16 Septemba 2007

Mama,

Kofia ilifika. Lotte aliivaa shuleni, mezani na kitandani. Ile nafasi ya kidole bado ipo, na kila asubuhi anaipima kwa kidole chake. Njiwa walimwona na kofia na waliruka, kwa hiyo sasa anafikiri njiwa ndio wanaomwogopa.

Viatu nilimpa mzee wa ghorofa ya chini. Lotte alivipaka rangi kwanza.

Mimi pia niliruka masomo. Niliruka hoteli, niliruka benki, nilifika kwenye wakati ujao. Ni rahisi kuliko wakati uliopita. Sijui kwa nini wanauweka mbali hivyo.

Shule itafungwa Julai. Lotte atambeba Vizuri Sana mikononi. Mimi nitakosea maneno, na wewe utanisahihisha.

Tutakuja.

Binti yako,
Griet